Kutoa Kizazi: Historia ya Neno Moja na Maamuzi Mawili

Mwezi wa pili mwaka huu nilimsindikiza mama mdogo hospitali, hapahapa Uingereza. Mkalimani aliyepangwa hakutokea, na ukalimani wa simu ukawa unakatika kila baada ya dakika mbili, basi nikaambiwa nikae katikati nitafsiri. Mimi nasoma historia. Kiswahili changu cha hospitali kinaishia kwenye panadol na malaria.

Daktari, mama wa makamo mwenye subira, alieleza kwamba picha za MRI zimeonyesha endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba, lakini imeota mahali pasipo pake. Kwa mama mdogo kulikuwa na uvimbe kwenye ovari ya kushoto, na makovu yaliyoshikanisha nyuma ya mji wa mimba na utumbo mpana. Dawa za homoni zilikuwa zimejaribiwa miaka miwili bila nafuu. Akataja njia tatu za upasuaji. Ya kwanza, kuingia kwa matundu madogo, kukata ugonjwa na kuacha viungo vyote. Ya pili, kukata ugonjwa na kuondoa mji wa mimba, ovari zibaki. Ya tatu, kuondoa mji wa mimba pamoja na ovari zote mbili.

Nikatafsiri: "Mama, wanaweza kukutoa ugonjwa tu, au wakutoe kizazi." Nilipofika njia ya tatu nikakwama. "Au wakutoe kizazi… chote."

Mama mdogo akanitazama. "Kwani kuna nusu kizazi?"

Swali lile lilinifuata hadi maktaba. Katika Kiswahili chetu cha kila siku kizazi ni mji wa mimba. Ni uwezo wa kuzaa. Ni via vyote vya ndani vya mwanamke kwa pamoja. Tena ni watu wa rika moja. Ukiambiwa fulani ametolewa kizazi, hujui kama bado ana ovari zinazotoa homoni au hana, na mara nyingi mwenyewe naye hajui. Nilidhani kasoro ni ya lugha yetu. Nilipoanza kusoma nikakuta kwamba madaktari wa Ulaya na Marekani, ambao wana jina la Kilatini kwa kila mshipa, waliyafunga maamuzi hayo mawili katika furushi moja kwa miaka mingi sana, na wao hawakuwa na upungufu wa maneno.

Tuanzie Rome, si ile ya Papa, bali mji mdogo wa Rome katika jimbo la Georgia, Marekani. Mwezi Agosti 1872 daktari Robert Battey alimpasua mwanamke aliyekuwa akiteswa na maradhi ya kila mwezi, akamtoa ovari zote mbili. Upasuaji wa ovari ulikuwapo kabla yake, lakini ulifanywa kwa ajili ya uvimbe mkubwa unaoonekana hata kwa macho ya jirani. Battey alizitoa bila uvimbe wa namna hiyo, kwa hoja kwamba akiikomesha hedhi atayakomesha mateso. Mwanamke yule alinusurika. Mwaka huohuo Alfred Hegar kule Ujerumani na Lawson Tait wa Birmingham walifanya operesheni ya aina ileile, na kila mmoja akadai sifa. Katika miongo iliyofuata maelfu ya wanawake walitolewa ovari kwa sababu ya maumivu, kwa sababu ya kifafa, na hata kwa sababu ya kile walichokiita wazimu wa kike. Wengi hawakutoka hai, maana usafi wa chumba cha upasuaji ulikuwa bado jambo la kubishaniwa.

Ni rahisi kumcheka Battey, lakini alikuwa ameshika ncha ya kitu cha kweli. Leo tunajua ovari hutoa estrojeni, na estrojeni huchochea tishu ya endometriosisi. Asichokuwa nacho ni ugonjwa wenyewe. Hakuutafuta. Alitibu mwezi wa mwanamke, si kidonda kilichokuwa kikitoa damu tumboni mwake. Naamini, ingawa hakuna wa kuthibitisha, kwamba baadhi ya wagonjwa wake na wa wenzake walikuwa na maradhi haya ya mama mdogo.

Jina lilikuja baadaye. John Sampson, daktari wa Albany katika jimbo la New York, alichapisha mwaka 1921 maelezo marefu kuhusu uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito ya zamani, rangi ya chokoleti. Alikuwa na tabia ya kupanga baadhi ya operesheni zake karibu na siku za hedhi, na hapo aliona vipele vidogo tumboni vikitoa damu sawasawa na mji wa mimba. Mwaka 1927 alieleza nadharia yake: damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija, huingia tumboni, na tishu iliyomo hujipandikiza. Nadharia hiyo haijawahi kueleza kila kitu, kwa sababu wanawake wengi sana hurudisha damu namna hiyo na wachache tu ndio huugua. Hata hivyo neno endometriosisi tunalitumia kutoka kwake.

Hapa ndipo mimi, kama mwanafunzi wa historia, nilipotegemea maamuzi yatengane. Sampson ameonyesha kwamba ugonjwa uko nje ya mji wa mimba: juu ya ovari, juu ya utumbo, kwenye utando wa tumbo. Kwa hiyo ukiutoa mji wa mimba peke yake ugonjwa umeuacha ulipo. Lakini wapasuaji waliielewa hoja kama mkulima anavyolielewa shamba lenye magugu: mji wa mimba ndio unaomwaga mbegu, ovari ndizo zinazomwagilia maji, basi ng'oa vyote viwili. Vitabu vya tiba vya katikati ya karne ya 20 viliwagawa wanawake mafungu mawili. Anayetaka bado kuzaa, apasuliwe kwa kuhifadhi. Asiyetaka, au aliyeonekana na daktari kwamba ameshazaa vya kutosha, apasuliwe kwa kumaliza. Hilo la pili lilipewa jina la heshima, upasuaji wa kukata shauri moja kwa moja, kana kwamba baada yake hapana tena la kuulizwa.

Na nani alikuwa akiulizwa? Joe Meigs wa Boston aliandika katika miaka ya 1940 kwamba chanzo cha maradhi haya ni wanawake kuchelewa kuolewa na kuchelewa kuzaa. Aliona ugonjwa kwa wingi zaidi miongoni mwa wagonjwa wake wa kulipia kuliko wa wodi za bure, akahitimisha kwamba wenye fedha wanachelewa kuzaa na maskini hawachelewi. Haikuwapa shida wengi wakati ule kwamba mwenye fedha ndiye aliyekuwa na daktari wa kumsikiliza. Kutokana na fikra kama hizo ikazoeleka kusemwa kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wasomi wa kizungu, wenye kazi za ofisini.

Wazo hilo liliwaumiza watu wetu kwa namna ya pekee. Ikiwa kitabu kimesema mwanamke mweusi haugui endometriosisi, basi akija na maumivu ya nyonga huandikiwa kwamba ana maambukizi ya via vya uzazi, yaani ya zinaa, na hupewa antibiotiki. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alichapisha matokeo ya kuwachungulia tumboni wanawake weusi 190. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na endometriosisi, na wengi wao walikuwa wameshaandikiwa maambukizi. Niliposoma makala hiyo nilimpigia simu mama mdogo. Tangu akiwa sekondari Tanga maumivu yake yaliitwa chango, akapewa mizizi ya kuchemsha. Alipokwenda mjini kwenye hospitali moja aliambiwa ni maambukizi, akapewa dozi, kisha dozi nyingine, kisha akasafishwa kizazi. Mumewe wa kwanza alimwuliza amezitoa wapi hizo infeksheni. Ndoa ile haikudumu mwaka. "Kumbe Chicago walishajua," akasema, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.

Kwa wasomaji wa Uingereza kisa kinachojulikana zaidi ni cha mwandishi Hilary Mantel, yule aliyeshinda tuzo ya Booker mara mbili, 2009 na 2012. Alipokuwa mwanafunzi wa sheria aliyelalamika maumivu alipelekwa kwa daktari wa akili na kupewa dawa za akili zilizomvuruga kwelikweli. Baadaye akaenda kuishi Botswana na mumewe. Huko, mbali na hospitali kubwa zote za London, alifungua kitabu cha tiba akakuta ugonjwa wake umeelezwa. Aligundua mwenyewe. Aliporudi London mwishoni mwa 1979 alilazwa, akafanyiwa upasuaji akiwa na miaka 27, na alipoamka hakuwa na mji wa mimba wala ovari. Ulikuwa ule upasuaji wa kukata shauri. Maumivu yakarudi. Matibabu ya homoni yakambadilisha mwili asijitambue, na aliandika juu ya hayo yote katika kumbukumbu zake zilizotoka 2003. Ninachokiona mimi katika kisa hiki ni tarehe. Mwaka 1979 mrija wenye taa wa kuchungulia tumboni ulikuwa umeshafika Uingereza miaka mingi.

Mrija huo una historia yake. Hans Christian Jacobaeus wa Sweden aliutumia kwa binadamu mwaka 1910. Raoul Palmer aliuendeleza Paris katika miaka ya 1940 kwa ajili ya maradhi ya wanawake, na Patrick Steptoe wa Oldham akaandika kitabu cha kwanza cha Kiingereza juu yake mwaka 1967. Ni Steptoe huyohuyo ambaye, pamoja na Robert Edwards na Jean Purdy, alimleta duniani mtoto wa kwanza wa chupa mwaka 1978. Kwa muda mrefu mrija ulikuwa wa kutazamia tu. Kurt Semm wa Kiel alisisitiza kwamba unaweza kufanyia kazi kamili, akatoa kidole tumbo kwa njia hiyo mwaka 1980, na wenzake wakamkejeli. Mwaka 1988 Harry Reich, huko Marekani, akaondoa mji wa mimba kwa njia ya mrija.

Faida inayotajwa siku zote ni kovu dogo na kutoka hospitali mapema. Kwa endometriosisi faida kubwa zaidi ni kwamba kamera husogea hadi karibu kabisa na utando, na kipele cha milimita chache huonekana. Sasa mpasuaji angeweza kuufuata ugonjwa wenyewe mahali ulipo. Na mara likazuka bishano ambalo halijaisha: uchomwe kwa leza au umeme, au ukatwe na kutolewa na mizizi yake? Wanaokata husema moto huunguza juu na kuacha chini, hasa kwenye ugonjwa uliozama karibu na utumbo. Wanaochoma husema kukata kunahitaji mkono wa fundi hasa, na fundi akikosea karibu na mrija wa mkojo madhara ni makubwa. Madaktari wa Melbourne waliwagawa wagonjwa kwa kura wakalinganisha. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa ndogo isiyo na uzito. Baada ya miaka mitano waliokatwa walikuwa na nafuu zaidi katika maumivu ya tendo la ndoa.

Lakini je, upasuaji wenyewe unasaidia? Swali hili linaonekana la kitoto, na ajabu ni kwamba halikuulizwa ipasavyo hadi miaka ya 1990. Christopher Sutton na wenzake wa Guildford walichapisha mwaka 1994 jaribio la wanawake 63. Wote walichunguliwa tumboni. Baadhi wakatibiwa kwa leza, wengine hawakutibiwa, na hawakuambiwa nani ni nani. Baada ya miezi sita asilimia 62.5 ya waliotibiwa walikuwa na nafuu, na asilimia 22.6 ya wasiotibiwa. Mwaka 2004 Jason Abbott na wenzake wakafanya jaribio la namna hiyo kwa kukata, wanawake 39, na matokeo yakawa asilimia 80 dhidi ya 32. Nilizisoma namba hizi mara kadhaa. Upasuaji unasaidia, hilo liko wazi. Ila mmoja kati ya watano alikatwa ugonjwa wake asipate nafuu, na karibu theluthi moja walipata nafuu bila kukatwa chochote. Namba ya kwanza ndiyo inayopaswa kusomwa kwa mgonjwa kabla hajasaini. Ya pili inanifanya niwaogope kidogo wapasuaji wanaoonyesha barua za shukrani kama ushahidi.

Kwa uvimbe wa chokoleti mambo ni magumu kwa namna nyingine. Ukiunyonya maji tu, hurudi. Ukiuvua pamoja na ukuta wake, hurudi kwa nadra zaidi na maumivu hupungua, ila ukuta ule umegandamana na ovari, na kuuvua ni kuondoka na sehemu ya mayai. Mwanamke anayetaka mtoto na mwanamke anayetaka kulala usiku bila maumivu wanaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa uleule, na jibu lisiwe moja. Ikiwa ni mtu mmoja anayetaka vyote viwili, kama walivyo wengi, kazi ya kuamua huwa nzito kweli.

Turudi kwenye nusu kizazi. Mwaka 1995 madaktari wa Johns Hopkins huko Baltimore walitazama kumbukumbu za wanawake 138 waliotolewa mji wa mimba kwa ajili ya endometriosisi. Kati ya 29 walioachiwa ovari, angalau sehemu yake, asilimia 62 walipata maumivu tena na asilimia 31 walipasuliwa upya. Kati ya 109 waliotolewa vyote ilikuwa asilimia 10 na 3.7. Namba hizo zilikuwa silaha. Mwanamke akisita kutolewa ovari aliweza kuonyeshwa.

Mwaka 2008 zikaja za Cleveland, nazo zilipoza moto. Baada ya miaka saba, asilimia 44.6 ya waliokatwa ugonjwa tu walikuwa hawajarudi kwenye meza ya upasuaji. Kwa waliotolewa na mji wa mimba pia, ovari zikabaki, ni asilimia 77. Kwa waliotolewa vyote ni 91.7. Na kwa wenye umri wa miaka 30 hadi 39, kutoa ovari hakukuongeza faida ya maana. Ukiweka upande wa pili wa mizani kwamba mwanamke anayepoteza ovari zote kabla ya miaka 45 huingia ukomo wa hedhi kwa siku moja, na huzidishiwa hatari ya mifupa kulika na maradhi ya moyo asipopewa homoni, hesabu inabadilika sana. Mwongozo wa NICE hapa Uingereza, wa mwaka 2017, unasema mji wa mimba ukiondolewa, ugonjwa wote unaoonekana nao ukatwe wakati huohuo. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unataka mgonjwa aambiwe kwamba kutoa mji wa mimba si lazima kumponye. Toka Sampson aonyeshe kwamba ugonjwa uko nje ya mji wa mimba hadi hapo, piga hesabu mwenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki wengi walilisikia jina la maradhi haya kwa mara ya kwanza kupitia Njambi Koikai, mtangazaji wa Nairobi. Yake yalifika kifuani, na pafu lake lilikuwa likianguka mara kwa mara. Wakenya walichanga, na mwaka 2018 akapelekwa Atlanta, Georgia, ambako alikaa zaidi ya mwaka akifanyiwa operesheni kwa mkono wa mafundi wa kukata. Kutoka Atlanta hadi Rome ya Battey ni safari ya saa moja na nusu kwa gari. Aliporudi hakuacha kusema hadharani, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, mambo ambayo shangazi zetu husemea jikoni. Alifariki Juni 2024. Kwa mgonjwa kama yeye, mtu aliyesema "toa kizazi yaishe" angekuwa ametibu mahali ambapo ugonjwa haukuwapo.

Tulirudi kwa daktari mwezi wa tano. Safari hii mkalimani alikuja, dada wa Kikongo mwenye Kiswahili cha Bukavu, na nilifurahi kukaa pembeni. Bibi alikuwa ameshapiga simu kutoka Tanga mara tatu kusema mtoto wake asikubali kutolewa kizazi. Mama mdogo ana miaka 39 na binti mmoja. Hakumjibu bibi kwamba atakubali wala kwamba hatakubali. Alikuwa amekaa na karatasi niliyomwandikia, safu tatu, namba za Cleveland, na chini yake michoro yangu mibaya ya mji wa mimba na ovari inayofanana na kichwa cha mbuzi.

Alianza na maswali. Uvimbe utavuliwa au utanyonywa? Utavuliwa. Mpasuaji wa utumbo atakuwapo? Atakuwapo, kama itahitajika kukwangua au kukata kipande. Ugonjwa mwingine utachomwa au utakatwa? Utakatwa. Akauliza tena ile namba ya miaka saba, na daktari akasema ndiyo, zaidi ya nusu ya waliochagua hivyo walirudi kupasuliwa. Mama mdogo akahesabu kwa vidole. "Miaka saba binti yangu atakuwa chuo," akasema. "Wakati huo tutazungumza habari ya mji wa mimba."

Fomu ya ridhaa ilikuwa na mstari wa upasuaji wa ziada ambao mgonjwa anaukubali endapo utahitajika akiwa usingizini. Daktari alikuwa ameacha wazi. Mama mdogo akaomba kalamu, akamwuliza dada wa Kikongo herufi za Kiingereza, na akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa shule ya msingi kwamba ovari ya kulia isiguswe na mji wa mimba usiondolewe. Kisha akarudia chini yake kwa Kiswahili. Daktari akauliza maneno yale ya pili yana maana gani, akaambiwa ni yaleyale.

Operesheni imepangwa Septemba.